Usingoje Damu Ndipo Uvuke

Hotuba kwa akina mama, wazee wa mtaa na vijana wa Likoni, Mombasa, katika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamkuitikia hata moja, hamjambo?

Wazee wetu wa mtaa, shikamooni. Chifu, asante kwa kivuli hiki na viti. Mama zangu na dada zangu mlioacha meza za mahamri na viazi karai mikononi mwa watoto ili mje kunisikiliza, najua kila dakika hapa ni shilingi imewapita, kwa hiyo sitazunguka. Na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama kule ukutani mkijifanya mnangoja abiria, sogeeni. Maneno haya ni yenu pia, nitawaonyesha ni kwa nini.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria wa mtaani. Naandika hati, nasindikiza watu kortini, namshika mtoto mama anapokwenda kuapa. Wengi mwanijua kwa ile kazi ya tatu.

Nimeombwa nizungumzie ukatili wa nyumbani, na jambo hilo ni bahari. Leo nachota kata moja tu: amri ya ulinzi. Ni karatasi anayotoa hakimu kumwambia mtu, huyu usimpige, usimtishe, usimfuate, usimkaribie. Nimechagua hiyo kwa sababu wanaokuja kwangu karibu wote huja wakiwa wamechelewa. Mtu anafika na bandeji, jicho limefunga, ama anatembea ameshika ubavu. Nikimuuliza, "Mwanangu, mbona hukuja siku ile alipokuvunjia simu? Mbona hukuja siku ile alipokufungia nje na mvua inanyesha?" nasikia jibu lile lile. "Sikutaka afungwe." Au, "Sikutaka ndoa ivunjike."

Basi nianze na hayo mawili. Amri ya ulinzi haimpeleki mtu jela. Haivunji ndoa pia. Ukiiomba, hujamshtaki mtu kwa kosa la jinai, na hakuna atakayemfunga pingu kwa sababu wewe umeomba. Talaka ina mlango wake: Muislamu anakwenda kwa kadhi, wengine wana korti zao. Unaweza kupata amri ya ulinzi ukabaki mke wa mtu, mkalala nyumba moja, sharti likawa moja tu, kwamba mkono wake usikuguse na mdomo wake usikutishe. Anayekwenda jela ni yule aliyeletewa amri, akaisoma au akasomewa, halafu akaivunja. Huyo kajipeleka mwenyewe.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2015, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Kabla ya hapo ulikuwa huna pa kwenda mpaka upigwe, kisha ushtaki kipigo. Wenzetu wa Uganda walitutangulia, wao wana sheria yao tangu 2010. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Lungalunga, Tanzania, mpaka leo wanategemea zaidi Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinamkataza mume au mke kumchapa mwenzake. Yetu inakwenda mbali zaidi, na raha yake iko pale inapoeleza ukatili ni nini.

Kupiga kumo, hilo mlijua. Kutishia kumo. Kutukana kumo. Kumvizia mtu na kumfuatafuata kumo. Kuharibu mali, ile tabia ya kuchoma nguo za mtu uani au kupiga sufuria teke na wali ndani, imo. Kumnyima mtu pesa za matumizi au kumzuia asifanye kazi yake ili awe anaomba hata ya chumvi, imo. Kumfungia mtu nje ya nyumba anayoishi, imo. Kuingia kwa nguvu katika nyumba ambayo nyinyi wawili hamuishi pamoja, imo. Kumlazimisha mke unyumba, imo. Naona wazee mmetazama chini, lakini imo. Kumwoza mtoto, kumkeketa msichana, kumrithi mjane kwa lazima, yote yamo. Na mawifi, jamani, hata mawifi wamo! Sheria imetaja wazi wakwe na jamaa wa ndoa wanaoingilia nyumba za watu. Mcheke tu, lakini nina faili mbili ambazo mume hakuinua hata kidole, aliyehamia na kuitawala nyumba ni dada yake.

Na haikusema "mke" peke yake. Waliooana, walioachana, wanaoishi pamoja bila ndoa, wachumba, waliokuwa wachumba, waliozaa pamoja, ndugu, mzazi na mtoto, wote sheria inawahesabu. Bibi anayepigwa na mjukuu mvuta bangi anaweza kuomba. Mwanamume pia anaweza. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Wanaume asilimia 27. Hesabu hiyo ya pili huwa haisemwi majukwaani. Mwanamume aliyepigwa anakuja kwangu saa mbili usiku, anakaa mlangoni, anasema amekuja kwa ajili ya rafiki yake. Namjibu, mwambie rafiki yako aje na kitambulisho.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Ombi la amri ya ulinzi linaandikwa, na pamoja nalo inakwenda hati ya kiapo, yaani maelezo yako uliyoyaapia. Siku hizi mahakama zinapokea hati kwa mfumo wa intaneti, kwa hiyo utapita saiba au utasaidiwa na karani. Hilo la mashine lisikutishe. Kinachoamua kesi ni kile kilichoandikwa ndani ya kiapo, na hapo ndipo watu wengi wanapoangukia.

Nitawapa mfano, nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Dada mmoja alikuja na karatasi aliyoandikiwa na jirani. Ilisema: "Mume wangu ni mkatili sana na hunitesa kila mara, naomba korti inisaidie." Basi. Miaka sita ya maisha yake, mstari mmoja. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamwambia, nieleze mara ya mwisho. Akasema, "Alinipiga." Kwa kitu gani? "Kwa mwiko." Mwiko gani? Akanyamaza. Halafu yakaanza kutoka. Ilikuwa Jumanne, baada ya isha. Alikuwa anasonga sima. Mume akaingia, akauliza mbona hakupokea simu, akauchukua ule mwiko ndani ya sufuria, sima ikiwa bado imeushika, akampiga nao kifundo cha mkono wa kushoto. Sima ya moto ikamrukia shingoni. Mtoto wao wa darasa la kwanza alikuwa mkekani anafanya hesabu, akaendelea kuandika, hakuinua kichwa.

Hiyo ndiyo hati ya kiapo. Tuliandika vivyo hivyo. Tukaandika na ile ya Ramadhani, na ile ya siku ya mazishi ya mjomba wake, kila moja na siku yake, mahali pake, na nani alikuwepo. Nilikuwa nimekaa nyuma hakimu alipoisoma. Alipofika kwa mtoto alirudi juu akasoma tena. Swali lake lilikuwa moja: "Huyu mtoto sasa yuko wapi?" Amri ilitoka siku hiyo hiyo, na jina la mtoto likiwa ndani.

Ndiyo, siku hiyo hiyo. Ombi likiwa la dharura, na ikionekana kwamba kungoja kutakuumiza, hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza mwenzako kwanza. Yeye ataitwa baadaye, naye atasema yake, maana haki ni ya wote. Lakini wakati huo wewe una kinga. Wala huhitaji ushahidi wa kumaliza shaka yote kama kesi ya mauaji. Hakimu anapima: yapi yanaelekea zaidi kuwa kweli? Kwa hiyo leta ulicho nacho. Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, kama uliripoti polisi. P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, kama daktari alikujazia. Ujumbe wa simu wenye matusi, usiufute kwa hasira. Sauti ya WhatsApp. Jirani aliyesikia. Shati lililochanika. Na kama huna hata kimoja, kiapo chako nacho ni ushahidi, usikae nyumbani kwa kukosa P3.

Jambo lingine ambalo watu hawaombi kwa sababu hawajui kama linaombeka: nyumba. Mama anatoka usiku na watoto watatu na mfuko wa nailoni, mpigaji anabaki kitandani na feni inazunguka. Nani alisema aliyepigwa ndiye anayehama? Sheria inamruhusu hakimu kukuachia wewe nyumba mnayoishi, au sehemu yake, na kumtoa yeye, hata kama jina kwenye hati au kwenye risiti ya kodi ni lake. Haimpokonyi mali. Inamwambia kwa sasa lala kwingine. Na ikiwa wewe mwenyewe ndiye unayetaka kuondoka, unaweza kuomba urudi kuchukua vitu vyako ukiwa na polisi. Vyeti vya watoto, sare za shule, cherehani yako. Omba pia asije kwenye kibanda chako cha biashara wala shuleni kwa watoto, asikupigie simu, na asimtume mtu. Hilo la kutuma mtu msilisahau. Bodaboda, nilisema nitafika kwenu. Ukiambiwa na rafiki yako, "Nipeleke pale kwa mke wangu nimtie adabu," na unajua kuna amri, unamsaidia mwenzako kuvunja amri ya korti kwa nauli ya shilingi hamsini.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilipata amri nzuri sana, muhuri mwekundu, saini ya hakimu. Nikampa yule mama ampelekee mumewe. Nilimpa kwa mkono wangu, tena nikamwambia, "Mwonyeshe." Nilidhani karatasi ya serikali ina nguvu kama hirizi. Alifika nayo, akaonyesha. Ikatiwa kwenye jiko la makaa, na yeye akalala kwa dada yake na mbavu zimekazwa kwa leso. Asubuhi alikuja kwangu, hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo, amri haipelekwi na aliyeiomba. Inapelekwa na mtu wa korti wa kupeleka hati au na polisi, naye anarudi na kuapa kwamba nimemfikishia fulani, siku fulani, saa fulani. Kiapo hicho kikikosekana, siku ya kumshtaki atasema, "Mheshimiwa, mimi sikuiona." Na nakala ziwe nyingi. Moja kituo cha polisi cha karibu, nawe uondoke na jina la aliyeipokea. Moja kwa mzee wa mtaa. Moja kwa mwalimu mkuu ikiwa watoto wametajwa. Picha yake usiweke kwenye simu yako peke yake, maana kitu cha kwanza kinachonyakuliwa ugomvi ukianza ni simu. Mtumie dada yako. Kuna mama mmoja hapa hapa Likoni anaiweka ndani ya debe la unga, kwenye mfuko wa plastiki. Anasema mumewe hajawahi kugusa unga tangu amjue.

Akiivunja, ni kosa la jinai. Faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Hata akija na maua. Amri ikisema asifike, maua nayo ni kufika.

Nimetaja polisi na nikasikia mguno. Naujua. Nimesimama kwenye kaunta ya kituo kimoja, sitakitaja, na mwanamke ananitonea damu kwenye kiatu, tukaambiwa, "Haya ni mambo ya nyumbani, nendeni mkazungumze." Sheria ya 2015 inamwambia afisa kinyume. Anatakiwa akueleze njia ulizonazo, akusaidie kufika kwa matibabu, na ukitaka kuandikisha maelezo kwa afisa wa kike, una haki ya kuomba. Ukikataliwa, usigombane na kaunta. Uliza jina, uliza cheo, andika saa. Kalamu inawatuliza watu wengi. Na korti haidai kwamba lazima upitie polisi ndipo uombe amri. Panda feri, wanaotembea kwa miguu hatulipi, vuka uende mahakamani.

Wazee wangu, hapa sasa naomba mnivumilie.

Tumezoea kuwaweka watu kitako. Mume upande huu, mke upande ule, kahawa katikati, na mtu mmoja lazima aseme, "Wagombanao ndio wapatanao." Suluhu ni jambo jema, dini zetu zote mbili zinaisifu. Lakini suluhu ni ya watu wawili waliokosana. Pale ambapo mmoja anampiga mwenzake na mwingine anapigwa, mnasuluhisha nini? Mnamwombea nusu ya kipigo? Mzee wa mtaa akiletewa kesi hii mara ya pili, kwangu mimi kikao cha pili kisikaliwe. Aandike barua fupi, kwamba fulani amekuja kwangu mara mbili, tarehe hizi, nimemwona na majeraha haya. Barua hiyo ikiwekwa na ombi ina uzito kuliko vikao kumi.

Najua mtasema, mambo ya kuuana ni ya bara. Tarehe 1 Septemba 2024, Jumapili, kule Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, Rebecca Cheptegei alikuwa ametoka kanisani na watoto. Alikuwa mkimbiaji wa Uganda, wiki chache tu nyuma alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Mwanamume aliyewahi kuwa mwenza wake alimmwagia petroli akamwasha. Alifariki tarehe 5 hospitalini Eldoret. Ugomvi ulikuwa wa kipande cha ardhi na nyumba aliyojenga, na babake aliwaambia waandishi wa habari kwamba malalamiko yalikuwa yameshafika polisi. Agnes Tirop, mkimbiaji wetu wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021. Hawa walikuwa na majina, walikuwa na medali. Wa kwetu hupita na tangazo la mazishi la msikitini, "amefariki ghafla," na jirani aliyesikia kelele usiku anabeba jeneza.

Nawe jirani, wewe si mpita njia. Mtu akishindwa kuomba mwenyewe kwa ugonjwa au kwa hofu, sheria inaruhusu mwingine amwombee. Mtoto naye anaombewa. Kama hilo ni zito kwako, piga 1195, simu ya bure ya ukatili wa kijinsia, au 116 ikiwa ni mtoto. Hospitali kuu ya Pwani ina kituo cha waliofanyiwa ukatili, na FIDA na Kituo cha Sheria, mashirika ya msaada wa sheria, wana ofisi hapa Mombasa. Yote hayo hayakutaki uwe shujaa.

Nimeletewa vikaratasi wakati naongea. Kimoja kinauliza, "Nikishapata amri, halafu akabadilika kweli, nafanyaje?" Swali zuri, na aliyeandika ana mwandiko mzuri. Amri inaweza kubadilishwa au kuondolewa. Mmoja wenu anarudi kortini, anaomba, hakimu anawasikiliza. Atataka kujua kama umekuja kwa hiari yako au umeletwa, na anaweza kukuuliza mwenzako akiwa nje. Usiifute mwenyewe kwa kumfungulia mlango. Ukimfungulia na amri bado ipo, yeye anavunja sheria na wewe umejichanganyia ushahidi.

Kingine kinasema, "Mimi sijapigwa bado. Ananinyima pesa na amesema atanitia tindikali." Dada, neno hilo "bado" lifute. Kutishia kumo, na pesa zimo, nimeshasema. Sikuiti mbele za watu. Nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka alasiri, pamoja na mwenzangu mwenye kitabu cha kijani. Kama kuna macho hapa unayoyaogopa, kesho asubuhi saa mbili niko upande huu wa feri, pale wanapouza madafu. Njoo na kitambulisho, na ile simu yenye ujumbe wake. Watoto njoo nao, nitawashika. Tutavuka pamoja.